Sauti ya msimulizi kwenye gemu za kujifunzia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa na walimu, wanafunzi wa chuo na vijana wanaotengeneza gemu za kujifunzia hapa Dodoma na wilaya za jirani. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale yanayomjia mtu akiwa tayari ana mamia ya faili kwenye kompyuta. Mwenye haraka aruke hadi swali la "Nitajuaje kwamba sauti niliyochagua inafaa?", maana majibu mengi hapa yanaegemea hilo.

## Ya msingi

Tunaposema sauti ya msimulizi tunamaanisha ipi?

Ni ile inayomwelekeza mchezaji namna ya kucheza: "Gusa namba kubwa", "Vuta kikapu uweke hapa", "Bado, hebu hesabu tena". Mara nyingi huyu anayesema haonekani kwenye kioo. Wahusika wanaoonekana, kama sungura anayeuza karanga au bibi mwenye shamba, wana sauti zao, na hao unaweza kuwapa mbwembwe utakazo. Msimulizi ana kazi moja tu, nayo ni mchezaji ajue cha kufanya sasa hivi.

Wengine humfanya mhusika mmoja awe ndiye msimulizi. Inawezekana, ila hakikisha anapotoa maelekezo anaacha vituko. Sungura anayetania huku akieleza kutafuta kigawe kidogo cha shirika atakumbukwa kwa utani, na kigawe kitasahaulika.

Kwani maandishi hayatoshi?

Kwa darasa la kwanza na la pili, hapana. Mtoto ambaye gemu yenyewe inamfundisha kusoma utamwandikiaje maelekezo? Jambo hili lilijaribiwa kwa upana hapa hapa nchini. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Programu zilizokuwemo zilitakiwa zimfundishe mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu wa kumsimamia, kwa miezi 15. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion ziligawana ushindi na zawadi ya dola milioni 10. Programu ya namna hiyo isingeweza kumtegemea mtoto asome kwanza ndipo aanze, kwa hiyo sauti ilibeba mzigo mkubwa.

Kwa wanaojua kusoma bado sauti ina faida yake. Macho yako kwenye mchoro, yakilazimika kusoma pia yanagawanyika. Ila usimsomee neno kwa neno maandishi marefu aliyonayo mbele yake, kwani atayamaliza kabla yako kisha akae kukusubiri.

Basi sauti nzuri ni ipi?

Ni ile inayoeleweka mara ya kwanza kwenye spika ya simu ya bei rahisi, darasani kuna kelele, na ambayo mtoto akiisikia mara ya kumi haimkeri. Vigezo ni hivyo viwili tu, na vyote vinapimika.

Wengi huanza na kigezo kingine: sauti tamu, nzito, ya kitangazaji. Mtangazaji wa redio kazi yake ni kumshika msikilizaji asihame stesheni, kwa hiyo hupanda, hushuka na kuyatia maneno chumvi. Mtoto wa gemu hahami, ameshaweka kidole kwenye kioo. Ukimpa madoido ya matangazo ya sabuni, mara ya kwanza atacheka, mara ya nne atapunguza sauti. Unayemtafuta ni mwalimu aliyevuta kiti akakaa karibu na mwanafunzi, akaongea kwa sauti ya kawaida.

Ya kiume au ya kike?

Yoyote inayopita vigezo vya swali lililotangulia. Cha kuangalia ni spika. Spika ndogo za simu na vishikwambi hupoteza sehemu kubwa ya sauti za chini, kwa hiyo uzito wa besi unaovutia kwenye hedifoni za studio unabaki studio. Kinachofika kwa mtoto ni konsonanti na sehemu za juu za irabu. Mwanamume anayetamka wazi anafika vizuri tu, na mwanamke anayeongea kwa kupumuapumua hafiki.

Mtoto anaweza kuwa msimulizi?

Anaweza, na watoto hupenda kumsikia mtoto mwenzao. Shida ni kazi yenyewe. Mtoto huchoka haraka, hawezi kurudia sentensi moja mara ishirini bila kuanza kuiimba, na sauti yake hubadilika. Ukirudi mwakani kuongeza hatua mpya utakuta mtu mwingine, hasa kama ni mvulana anayebalehe. Sisi tunampendelea dada au kaka, mtu mzima kijana anayeongea kama ndugu mkubwa wa nyumbani. Sauti ya mtoto mwachie mhusika mwenye mistari michache. Ukimrekodi mtoto, pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na mzazi au mlezi awepo.

## Lugha na namna ya kusema

Lazima lafudhi iwe ya pwani?

Si lazima. Mtoto wa Bahi au Mpwapwa anamsikia mwalimu wake kila siku akiongea Kiswahili cha bara na anamwelewa. Jaribio la Richard Mayer na wenzake huko California, lililochapishwa 2003, lilikuta wanafunzi wakitumia vizuri zaidi maelezo ya jinsi radi inavyotokea waliyoyasikia kwa lafudhi waliyoizoea kuliko kwa lafudhi ya kigeni. Walikuwa wazungumzaji wa Kiingereza, lakini mwalimu yeyote wa huku hatashangaa.

Ila lafudhi ni jambo moja, kuvuruga sauti zinazotofautisha maneno ni jingine. Msomaji anayebadilisha "l" na "r" atamfanya mtoto asikie "kula" badala ya "kura". Kwa gemu ya kusoma na kuandika hapo hakuna mjadala, kwa sababu mtoto ataandika alichosikia. Vivyo hivyo "dh" kuwa "z", "th" kuwa "s", na "ng'" ya ng'ombe kuwa "ng" ya ngoma. Kwa gemu ya hesabu au mazingira tunalegeza kidogo. Lililo mwiko ni kumpa mhusika mjinga lafudhi ya Kigogo au ya Kinyaturu ili watu wacheke. Mtoto anayecheza anaongea hivyo hivyo nyumbani kwao.

Kwa nini tusirekodi kwa Kigogo kabisa?

Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na gemu inayofuata mtaala haina budi kwenda nao. Lakini wapo watoto wa awali wanaofika shule Kiswahili kikiwa bado kigeni kwao: Kigogo Chamwino, Kirangi Kondoa, Kisandawe Chemba. Kwao maelekezo ya mwanzo kabisa yaonyeshwe kwa kidole kinachotembea kwenye kioo, na sauti ifuate kidole. Toleo la lugha ya nyumbani kwa matumizi ya nje ya darasa ni wazo zuri, ila liandikwe upya na mwenye lugha, wala lisiwe Kiswahili kilichogeuzwa sentensi kwa sentensi.

Msimulizi amwiteje mchezaji?

"Wewe", na mara nyingi hata hilo halihitajiki kwa kuwa "gusa" na "sogeza" vinajitosheleza. Kuna wanaoshauri "guseni" kwa sababu darasani watoto sita wanazunguka kishikwambi kimoja. Tumeona ukisema "guseni" vidole sita vinashuka kwa pamoja. Sema na mmoja; wengine watamnong'oneza majibu, kama kawaida yao.

"Rafiki" linakubalika, lisirudiwe kila sentensi. "Mpendwa mchezaji" ni la barua. Salamu moja mwanzoni, "Hujambo, karibu", kisha kazi ianze. Wachezaji wakiwa watu wazima mambo yanabadilika kidogo. Tazama sehemu ya mwisho.

Mtoto akikosea aambiwe nini?

Hapa ndipo sauti nyingi nzuri zinapoharibikia. Mtoto anayeanza atakosa mara nyingi kuliko kupata, kwa hiyo mstari wa kukosea ndio atakaousikia kuliko mistari yote. Ukiwa na "Hapana, umekosea!" mmoja tu, uliorekodiwa kwa ukali kidogo, umemwekea mtoto mzee wa kumgombeza mfukoni.

Tunarekodi mistari mitano hadi sita ya kukosea, inayochezwa kwa zamu, na mingi iwe na msaada ndani yake: "Bado kidogo. Hesabu tena vidole vyako." "Hapo umejumlisha. Hii ni ya kutoa." Sauti isishuke kama ya mtu aliyekata tamaa, wala isipande kama inayomtania. Mwambie msomaji asome mstari wa kukosea kwa sauti ile ile anayotumia kwenye maelekezo. Wasomaji wengi hawawezi mara ya kwanza, wanajikuta wanasikitika.

Mistari ya kupata iwe mifupi: "Umepata!", "Safi!", "Hivyo hivyo." Makofi ya darasa zima yasubiri mwisho wa hatua. Ukiyapiga kila jibu hayana tena thamani.

Aongee kwa kasi gani?

Usitumie mwongozo wa maneno kwa dakika uliotungwa kwa Kiingereza. Neno letu moja, "utakapoligusa", lina kazi ya sentensi nzima. Hesabu sekunde. Sisi tunajiwekea mpaka huu: elekezo moja, tendo moja, lisizidi sekunde tano. Likizidi, shida haiko kwa msomaji, iko kwenye mwandiko. Likate mara mbili. Nafasi iwe kati ya sentensi, si kati ya maneno. Msomaji anayetenganisha maneno, "gusa... namba... kubwa", anamchanganya mtoto kuliko anayekwenda haraka kidogo.

Mfano wa mstari tulioukuta kwenye andiko la gemu ya kuhesabu: "Ili kuendelea kwenye hatua inayofuata, tafadhali buruta idadi sahihi ya zabibu kuelekea ndani ya kikapu kilichopo upande wa kulia." Hakuna sauti inayoweza kuuokoa. Ukawa hivi: "Kikapu kinataka zabibu tano." Kimya kifupi, kikapu kinatikisika. "Vuta zabibu moja moja uweke." "Buruta" ni la kwenye vitabu vya kompyuta, watoto wanajua kuvuta.

Istilahi za hesabu na sayansi nitumie zipi?

Zilizomo kwenye vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa sababu ndizo mwalimu atakazotumia kesho yake: kiasi na asili kwenye sehemu, kigawo kikubwa cha shirika, mzingo, eneo. Msomaji azijue kabla ya kuingia kurekodi. Asiyezoea hesabu akikutana na "3/4" atasema "tatu chini ya nne", "tatu kwa nne" au "robo tatu" kulingana na alivyofundishwa, na wewe unataka moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Andika namba zote kwa maneno kwenye andiko la msomaji.

## Mtu au mashine?

Sauti ya kompyuta inafaa?

Kwa majaribio, inafaa sana. Mistari itabadilika mara nyingi kabla gemu haijakamilika, na kumwita msomaji kila ukifuta neno ni hasara. Microsoft wana sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, na zinasikika vizuri kuliko wengi wanavyotarajia. Programu ya eSpeak ni ya bure na haihitaji intaneti, ila inaongea kiroboti.

Kwa toleo la mwisho tunapendelea mtu. Utafiti wa zamani, ukiwemo ule wa Mayer, ulionyesha watu wakijifunza vizuri zaidi kwa sauti ya binadamu. Mwaka 2017 Scotty Craig na Noah Schroeder walipotumia sauti ya mashine ya kisasa, haikuachwa nyuma na ya mtu. Hayo yote ni ya Kiingereza, ambako mashine zimelishwa sauti nyingi mno. Upendeleo wetu una sababu nyepesi zaidi: mstari wa "Bado kidogo, hebu jaribu tena" ukisemwa na mashine haubembelezi. Kama mfuko hauruhusu, tumia mashine kwa maelekezo na mtu kwa kukosea na kupata. Tofauti itasikika, lakini ni afadhali kuliko kinyume chake.

Ukitumia mashine, tengeneza faili zako zote mapema uzifunge ndani ya gemu. Gemu inayoita mtandao kila sentensi itanyamaza bando likiisha, na shule nyingi za vijijini hazina hata hilo bando. Soma pia masharti ya leseni kama gemu itauzwa.

Mashine hukosea wapi zaidi kwenye Kiswahili?

Kwenye saa, mkazo na majina. "7:00" inaweza kusomwa "saba kamili" wakati mtoto anajua hiyo ni saa moja. "Barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kusema sawasawa zinaandikwa sawa, mkazo unatofautiana, na mashine huchagua moja kwa zote. Majina kama Ng'hong'honha yatakushangaza. Mara nyingine ukiandika kimakosa makusudi, kwa kurudia irabu au kuweka kistari, inanyooka. Sikiliza kila faili kwa masikio yako. Usiamini kwamba kwa kuwa hamsini za kwanza ni sawa na zilizobaki ziko sawa.

## Kumpata msomaji na kurekodi

Nimtafute wapi?

Anza na walimu wa madarasa ya awali na la kwanza. Wanajua kusema jambo moja mara nyingi bila kuchoka, nayo ndiyo kazi yenyewe. Baada yao, wasomaji wa masomo kanisani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaofanya maigizo, na watangazaji wa redio za jamii walio tayari kuacha utangazaji mlangoni.

Nimpimeje?

Usimpe shairi wala tangazo. Mpe mistari kumi ya gemu yenyewe: minne ya maelekezo, mitatu ya kukosea, mitatu ya kupata. Mruhusu asome mara moja, kisha mwambie: "Dada, sasa soma kama unamwambia mtoto wa jirani, na yuko hapa karibu." Anayeweza kubadilika baada ya neno hilo anafaa. Asiyebadilika, hata awe na sauti ya dhahabu, mshukuru.

Halafu mwite tena siku nyingine, asubuhi, asome mistari ile ile. Kama zile sauti mbili haziwezi kuchanganywa kwenye gemu moja, utapata tabu utakapotaka marekebisho.

Ni lazima kwenda studio?

Studio nyingi za mjini zimejengwa kwa ajili ya muziki, na prodyuza atataka kuongeza mwangwi na besi. Mwambie mapema hutaki chochote. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililofunguliwa kinatosha kwa kazi ya namna hii.

Adui wa Dodoma ni upepo na bati. Miezi ya kiangazi upepo wa mchana unapiga madirisha na kuleta vumbi, na jua linapopanda au kuzama bati linatanuka na kusinyaa, unasikia "tak" katikati ya sentensi nzuri. Masika, kati ya Desemba na Aprili, mvua ikishuka juu ya bati funga mashine, hakuna cha kuokoa. Saa za utulivu ni usiku wa saa tatu hadi saa sita, kama jirani hana baa. Alfajiri ina jogoo. Na friji izimwe, watu huisahau friji.

Maiki ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige puu. Rekodi pia nusu dakika ya kimya cha chumba, utaihitaji kuzibia mianya.

Vipimo vya faili viweje?

Rekodi WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, mono (mkondo mmoja wa sauti), 48 kHz, biti 24, na nakala hiyo itunze. Dakika moja ni kama MB 8.6. Kwenye gemu weka OGG, faili iliyobanwa: kwa kilobiti 64 kwa sekunde, nusu saa nzima ya maongezi ni kama MB 14, na kwa Opus, mbinu nyingine ya kubana sauti, ya kilobiti 32 ni kama MB 7. Hakuna sababu ya sauti ya mtu mmoja kuwa stirio. Ukubwa wa sauti za faili zote usawazishwe, -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kiwango kizuri kwa simu, na Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, inakufanyia hayo kwa mkupuo. Faili zipewe majina yanayoeleweka: "h03_kosa_02" litakusaidia kuliko "mpya mwisho kabisa 2".

Malipo na haki?

Kubalianeni kwa saa ya kurekodi, kwa dakika zilizokamilika, au kwa kazi nzima, na marekebisho yatalipwaje. Hilo la marekebisho ndilo linaloleta ugomvi. Andikeni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua pia msanii anayetekeleza kazi, si mwandishi peke yake, kwa hiyo usidhani ukishalipa umenunua kila kitu. Mkataba utaje gemu ipi, itatumika wapi, kwa muda gani, na useme wazi kama sauti yake inaweza au haiwezi kufundishia akili unde. Asiposaini hilo, jibu ni haiwezi.

## Kuiweka sauti kwenye gemu

Mchezaji ameshafanya kabla msimulizi hajamaliza. Sauti iendelee?

Ikatike mara moja, kwa kufifia kidogo isisikike kama imenyongwa. Mtoto anayejua cha kufanya hana haja ya kuambiwa. Weka pia kitufe cha kurudia, chenye picha ya sikio au spika, kikae pale pale kila wakati. Asipofanya lolote kwa muda, msimulizi arudie kwa maneno mafupi zaidi, kisha anyamaze. Msimulizi anayerudia kila baada ya sekunde nane ndiye anayefanya walimu wazime sauti.

Muziki je?

Ushuke msimulizi anapoongea, upande akimaliza. Usiwe na maneno. Na muziki na sauti viwe na vitufe tofauti vya kuzima.

Nimerekodi namba moja hadi ishirini ili niziunganishe na sentensi. Mbona zinasikika vibaya?

Kwa sababu namba zetu zinafuata ngeli. Nyota mbili, maembe mawili, vikapu viwili, watoto wawili. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zote hubadilika. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Balaa linaendelea juu ya kumi: maembe kumi na mawili. "Mbili" moja uliyorekodi haiwezi kuhudumia vitu vyote.

Njia ni mbili. Ya kwanza, rekodi sentensi nzima kwa kila idadi. Ni kazi, lakini inasikika kama mtu anaongea. Ya pili, chagua vitu vya ngeli moja: nyota, zabibu, karanga, ndizi na pointi vyote vinachukua "mbili, tatu, nne". Gemu yenye mazao ya Dodoma ina bahati hapo. Hata hivyo rekodi kila namba mara mbili, moja ya katikati ya sentensi na moja ya mwisho, kwani sauti hushuka mwishoni na "tano" ya mwisho ikiwekwa katikati inasikika kama mtu amekatishwa.

Msimulizi anaweza kumtaja mchezaji kwa jina?

Kwa sauti iliyorekodiwa, hapana. Wapo waliojaribu kuacha pengo lijazwe na mashine. "Hongera sana" ya mtu, kisha "Mazengo" ya roboti. Acha. Jina liandikwe kwenye kioo, mtoto atalifurahia vile vile.

## Kuijaribu

Nitajuaje kwamba sauti niliyochagua inafaa?

Ipeleke darasani kabla hujarekodi kila kitu. Dakika mbili za gemu zinatosha, kwenye kishikwambi au simu ya kiwango cha chini, spika yake yenyewe, bila hedifoni. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Mkabidhi mtoto, kisha funga mdomo. Hili la kufunga mdomo ni gumu, kidole chako kitataka kumwonyesha.

Usimuulize kama sauti ni nzuri. Atasema ndiyo, ameshafundishwa adabu. Tazama kidole na macho. Kidole kikianza kwenda kabla sentensi haijaisha na kikaenda panapotakiwa, mstari umefika. Macho yakimgeukia mwalimu au jirani, haujafika. Katika shule moja ya Chamwino kila mtoto aligeuka palepale, kwenye "gusa duara la kijani". Tulidhani spika imezidiwa. Mwalimu akasema, "Hawa wanaijua rangi ya majani." Mstari ukabadilishwa, sauti ikabaki ile ile, vidole vikaenda.

Baada ya hapo waache wacheze mpaka wachoke. Wakianza kumwigiza msimulizi kwa kubana pua, kuna kitu cha madoido kinachorudiwa mno. Wakiwa wanasema mstari pamoja naye bila kubana pua, ni dalili njema. Jaribu pia mchana, madarasa ya jirani yakiimba majedwali ya kuzidisha, kwa sababu huko ndiko gemu itakakoishi.

## Hali za pembeni

Gemu yangu ni ya watu wazima, wakulima wa zabibu. Sauti ya kijana itawakera?

Sauti ya kijana haikeri, amri ndizo zinazokera. "Bonyeza hapa! Sasa chagua dawa!" kutoka kwa binti wa miaka ishirini kwenda kwa mzee wa Hombolo inasikika kama utovu wa adabu. Lainisha kitenzi: "Sasa tuchague dawa", "Ukiwa tayari, uguse hapa". Sifa nazo zipunguzwe; mtu aliyelima miaka thelathini hahitaji "Safi sana!" kwa kutambua ukungu kwenye jani. "Ndiyo, huo ni ukungu" inatosha. "Shikamoo" tuliiacha, maana mchezaji anayefuata anaweza kuwa mjukuu wake.

Wanafunzi wasioona na viziwi je?

Kwa asiyeona, maelekezo ya "gusa hiki hapa" hayana maana. Kila mstari utaje kitu na mahali: "juu kulia", "chini katikati". Ukiweza, ukae na wanafunzi wa shule ya wasioona Buigiri. Watakuonyesha mistari mingapi ilikuwa inategemea macho. Kwa kiziwi, maandishi yawepo, mafupi, yenye kuzimika na kuwashwa, na kila sauti ya kupata au kukosea iwe na ishara yake kwenye kioo. Maandishi hayatoshi kwa ambaye lugha yake ya kwanza ni ya alama. Video ndogo ya mkalimani kwenye pembe ni bora.

Gemu ni ya kidato cha kwanza, masomo ni ya Kiingereza. Msimulizi aongee nini?

Maelekezo ya kucheza kwa Kiswahili, istilahi za somo kwa lugha ya mtihani. Tafuta msomaji mmoja anayezimudu lugha zote mbili. Wawili tofauti wanamfanya mwanafunzi ajihisi amehamishwa darasa kila sentensi.

Msomaji wetu amehamia mkoa mwingine, na tunahitaji mistari kumi zaidi.

Mtumie faili zake tatu za zamani azisikilize kabla ya kurekodi, arudi kwenye sauti ile. Aingie chumbani kwake na blanketi, shubiri ile ile ya maiki, atume WAV na si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubana sauti hata usiweze kuirudisha. Kama hapatikani kabisa, usimtafute anayefanana naye. Kufanana nusu kunasikika kuliko kutofanana. Mpe msimulizi mpya hatua mpya nzima, na umtambulishe kwa mstari mmoja: "Hujambo, huku shambani nitakuongoza mimi."